Mara Saba, Moja kwa Udongo

Nilikuwa na miaka tisa na miezi minne Alhamisi ile, saa tisa na dakika arobaini alasiri, nilipomwona mbwa mweusi akichimba chini ya tangi letu la maji. Saa naijua kwa hakika. Mama alikuwa amenifungia saa yake mkononi ili nitulie nisimsumbue, na tangu asubuhi nilikuwa naitazama kila baada ya dakika chache.

Tulikuwa tunaishi Ijara, katika nyumba ya vyumba viwili iliyozungushiwa ua wa miiba. Tangi lilikaa juu ya jukwaa la mawe na saruji, ubavuni mwa chumba alimolala mama. Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu ajifungue mdogo wangu Zakaria, na kwa desturi yetu hatoki nje mpaka zitimie arobaini. Mbwa alikuwa amechagua kona ile ile. Alichimba kwa miguu ya mbele, haraka, bila kutazama huku wala huku, mchanga ukiruka hadi ukutani.

Alikuwa mweusi tii. Mbavu zilihesabika. Masikio yalikuwa yamekatwa karibu na fuvu, kama wafugaji wanavyowakatia mbwa wa kulinda mbuzi ili fisi akose pa kushika. Juu ya kila jicho alikuwa na doa la kahawia, duara, ukubwa wa kifungo cha shati. Mbwa wa namna hiyo kwetu huitwa macho manne. Mawili ya chini, watu husema, huona kile tunachokiona sisi. Mawili ya juu huona majini, na huwaona wale ambao majina yao yameshaitwa.

Alikuwa ameletwa pembezoni mwa mji na familia moja ya wafugaji, baada ya mvua kukosekana misimu mitatu mfululizo. Walipouza mbuzi wa mwisho walipanda lori kwenda Garissa kutafuta vibarua, naye wakamwacha barabarani. Mbwa wa mbuzi apelekwe wapi pasipo na mbuzi?

Nilimkimbilia nyanya yangu, Ayeeyo Dahabo, aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Ayeeyo, macho manne anachimba kwetu."

Katika maisha yangu nimesema mambo mengi ambayo ningetamani kuyarudisha mdomoni. Hilo ndilo la kwanza.

Mkono wake ulisimama juu ya mchele. "Upande wa barabara, au upande wa mama yako?"

"Upande wa Hooyo."

"Umeona au umeambiwa?"

"Nimeona. Mchanga unafika ukutani."

"Astaghfirullah." Aliweka ungo chini. "Macho manne akichimba nje ya chumba cha mzazi, anapima."

"Anapima nini?"

"Naayaa, wewe msichana, kuna mambo hayatamkwi nyumba ikiwa na mtoto mchanga." Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akalitamka. "Shimo hilo halitafunikwa tupu."

Niwe mwadilifu kwake. Ayeeyo alikuwa amezika watoto wawili ndani ya arobaini, wote huko malishoni, mmoja kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu wanaume walikuwa wamepeleka ngamia kunywa maji. Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu ambaye angekubali kuwakosea mbwa mia kuliko kumkosa mtoto mmoja.

Ijumaa, Adeer Yarow, mdogo wake baba, alimfukuza mbwa kwa mawe. Baba mwenyewe alikuwa safarini na lori. Mbwa alikimbia, akarudi jioni. Adeer akaziba shimo kwa mchanga. Jumamosi asubuhi lilikuwa wazi tena.

Jumamosi hiyo, saa nane mchana, watu wote wakiwa wamelala kwa joto, nilikwenda kulitazama. Sikuwa jasiri. Mimi ni mtu ambaye kitu kikinitia hofu lazima nijue kipimo chake. Hata leo siwezi kulala kabla ya kuhesabu madirisha. Nilitaka kujua kama shimo lilitosha urefu wa Zakaria. Nilichukua kijiti, nikamwendea akiwa amelala, nikampima kutoka kisigino hadi utosini, kisha nikatoka na kijiti changu hadi kwenye tangi.

Shimo lilikuwa refu kuliko kijiti. Liliingia kwa mshazari, likapinda, likapita chini ya jukwaa la mawe. Niliingiza mkono hadi begani. Kilichogusa vidole vyangu kilikuwa na joto, kikasogea.

Walikuwa wanne. Niliwatoa mmoja mmoja, nikawapanga juu ya gauni langu. Walikuwa hawajafumbua macho. Mama yao alisimama hatua tatu nyuma yangu, na sikujua amefika lini. Hakunguruma. Alisubiri nimalize kuwatazama, na nilipowarudisha aliingia kichwa kwanza akajikunja kuwazunguka. Kumbe alichokuwa akikipima ni tumbo lake mwenyewe.

Ningemwambia Ayeeyo siku ile ile. Lakini kabla ya kuingia shimoni mbwa alikuwa amenilamba mkono, kutoka vidoleni hadi kwenye mkanda wa saa. Na mate ya mbwa yana hukumu yake, hata mtoto anayeanza chuo cha Qurani anaijua: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Wiki ile maji yalikuwa yakiletwa na lori na kugawiwa kwa mitungi. Nani angeosha mkono mara saba bila kuulizwa? Niliupangusa kwenye gauni. Kisha nikaingia ndani, na mama akaniambia nimbebe Zakaria kidogo apumzishe mgongo, nami nikambeba.

Nilirudi shimoni Jumapili na Jumatatu. Nilimpelekea mbwa vipande vya anjera, ile mikate yetu laini ya kumimina, nilivyoloweka katika chai ya maziwa. Alikula polepole, na kila mara alinilamba, na kila mara nilijipangusa kwenye gauni.

Jumatatu usiku Zakaria alishikwa na homa.

Msomaji ambaye hakulelewa kwetu huenda asielewe jinsi mtoto wa miaka tisa anavyoweza kulala akijua kwamba yeye ndiye aliyemuua ndugu yake, ingawa ndugu bado anapumua. Sikufikiri juu ya macho manne hata kidogo. Nilifikiri juu ya mkono wangu. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilikesha nikisoma vitabu vya fiqhi kama mtu anayetafuta risiti. Nilikuta kwamba mbwa wa kulinda mifugo anaruhusiwa, kwamba mkono mkavu juu ya manyoya makavu hauna neno, na kwamba najisi ni jambo la swala, haimtii mtoto homa. Nilifurahi kwa dakika moja. Kisha nikakumbuka Jumanne.

Jumanne, saa kumi na moja kasoro dakika tano, Adeer Yarow aliingia uani na majirani wawili. Mkononi alikuwa na hangool, ile fimbo ndefu ya kusukumia miiba ya ua, yenye ndoano upande mmoja na panda upande wa pili. Majirani walikuwa wamejaza mawe kwenye vikoi vyao.

"Nani anaanza?" mmoja aliuliza.

"Anza wewe. Si ulituambia ulimfukuza simba kwa kiatu?"

"Yule alikuwa simba tu. Huyu ni shetani. Shetani mwanzie wewe, Yarow, mmezoeana."

Walicheka. Hata Adeer alicheka. Ninalisema hili kwa sababu watu hudhani ukatili huja umekunja uso.

Mbwa alitoka shimoni, akasimama kwenye mdomo wa shimo. Ijumaa alikimbia jiwe la kwanza lilipoinuliwa. Siku hii hakukimbia. Jiwe la kwanza lilimpiga ubavuni, kwa mlio kama wa gunia la mchele linaloangushwa sakafuni. La pili lilivunja mguu wa mbele, niliuona ukining'inia. Adeer alisogea amalize, na hapo mbwa akaruka kwa miguu mitatu, akamng'ata shavu la mguu kupitia kikoi.

Damu ya Adeer ilishuka hadi kwenye ndara. Kicheko kikaisha.

Alimkandamiza shingo kwa panda ya hangool, uso ukazama mchangani, akaegemea fimbo kwa uzito wake wote. Majirani walikuja karibu. Hawakurusha tena. Walishika mawe kwa mikono miwili na kushusha. Nilihesabu. Niliacha kwenye ishirini na tatu, ingawa wao hawakuwa wameacha. Jicho moja lilitoka, likabaki likining'inia kando ya doa lake la kahawia. Ninachokiona zaidi ni miguu ya nyuma. Ilikuwa bado inasukuma mchanga, na mwili haukuwa ukienda mbele kuelekea kwa wanaume, wala pembeni kutafuta njia. Ulikuwa unarudi kinyumenyume kuelekea shimoni.

Siku hizi, kila Jumamosi, nasaidia katika makazi ya mbwa waliotupwa, nje kidogo ya Nairobi. Kazi yangu ni kuandika kadi zinazoning'inizwa kwenye vizimba: umri, afya, tabia. Watu huja na watoto wao kuchagua. Huchukua wa rangi ya maziwa, huchukua wenye masikio yaliyolala. Weusi hubaki. Wale wa vichwa vikubwa na taya pana hubaki. Baba mmoja alimvuta binti yake mbele ya jike mweusi mpole kuliko mto wa kulalia, akasema, "Huyo hapana, ana macho mabaya." Na wakati mwingine kadi huletwa ikiwa imeshaandikwa neno moja: mng'ataji. Kabla ya kulikubali huwa nauliza swali moja, na wenzangu wamezoea kunicheka kwa hilo. Nauliza, alipong'ata, nyuma yake palikuwa na nini?

Lakini siku ambayo swali lilikuwa langu kulijibu, hivi ndivyo nilivyojibu.

Ayeeyo alitoka na beseni la majivu na chupa ya maji ambayo maalim alikuwa ameyasomea Qurani. Adeer aliigeuza fimbo upande wa ndoano, akamkokota mbwa kwa taya hadi mdomoni mwa shimo. Kabla ya kumsukuma aliingiza ncha ya fimbo ndani, akasikiliza, akanitazama mimi niliyekuwa nimejibanza kando ya tangi.

"Idil, wewe umekaa hapo. Kuna kitu humu?"

Gauni langu lilikuwa na alama za miguu ya watoto wa mbwa. Kusema ndiyo kungekuwa kusema kwamba niliingiza mkono, kwamba nililambwa, kwamba mkono huo ulimbeba Zakaria. Ningependa kuandika kwamba nilidanganya ili kuwaokoa, kwa maana Adeer angeweza kuwamaliza kwa fimbo. Haikuwa hivyo. Nilijiokoa mwenyewe.

"Hakuna," nilisema.

Akamsukuma ndani. Wakatia majivu, wakatia matawi ya miiba, wakatia mchanga, wakaukanyaga. Ayeeyo akanyunyiza maji ya chupa, midomo ikitembea.

Giza lilikuwa halijaingia Sista Mwende alipofika. Alikuwa muuguzi kutoka Kitui, mwenye mwaka wa pili katika zahanati yetu, akiishi peke yake katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya zahanati hiyo. Mama alikuwa amemwita kwa simu bila kumwambia mtu. Alimtoa Zakaria tone la damu, akasubiri, akasema ni malaria, akamdunga sindano. "Mngeniita jana," alisema kwa Kiswahili. Kisha akatoka nje kunawa, na akaona damu na mchanga uliokanyagwa chini ya tangi.

"Mmemuua yule mama?"

"Mbwa, Sista," alisema Adeer, mguu ukiwa umefungwa kitambaa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. "Mbwa imeng'ata mtu."

"Yarow, si nilikuomba unikamatie nimfuge? Ulinicheka."

"Wewe tibu mtoto, dada. Mambo ya mbwa wacha sisi."

"Alikuwa na maziwa. Nilimwona Jumapili, chuchu zimejaa. Watoto wake wako wapi?"

Adeer aliinua mabega. Hakukuwa na mwingine wa kutazamwa, kwa hiyo Sista akanitazama mimi. Hakuuliza tena. Alinawa, akasafisha kidonda cha Adeer, akamwambia aje asubuhi kwa sindano ya kichaa cha mbwa, akaenda.

Homa ya Zakaria ilishuka usiku ule ule. Leo yuko chuoni, ananizidi kimo, na anacheza mpira vibaya. Hadi anafariki, Ayeeyo alisimulia kwamba mjukuu wake aliokolewa siku macho manne alipozikwa katika shimo alilolichimba. Sikuwahi kumshinda kwa hoja. Sindano na mawe vilifika jioni moja, na mtoto akapona. Mimi nina imani na sindano. Lakini najua pia kwamba alivyosema ndivyo ilivyokuwa: shimo halikufunikwa tupu.

Sikulala. Mkeka wangu ulikuwa karibu na ukuta wa upande wa tangi, na kupitia ukutani nilisikia sauti nyembamba, kama mlango wa kabati unaofunguliwa mbali. Mwanzo zilikuwa nyingi. Baadaye ikabaki moja.

Adhana ya alfajiri ilipoisha nilisubiri Adeer atoke, akichechemea, kwenda msikitini. Nilichukua upawa jikoni. Hangool ilikuwa imeegemezwa ukutani, panda yake bado nyeusi, nayo nikaichukua. Mchanga niliuondoa kwa upawa, matawi nikayavuta kwa ndoano kama nilivyomwona Adeer akifanya. Mengine yalikatika, nikayatoa kwa mkono, na hadi leo nina kovu la mwiba chini ya kidole gumba cha kulia. Chini ya majivu nilimkuta mbwa. Alikuwa amekauka kama ubao. Nilimshika miguu ya nyuma, nikaegemea nyuma, nikavuta, nikaanguka, nikavuta tena, mpaka akatoka.

Nyuma yake mchanga ulikuwa haujafika. Mwili wake ulikuwa umeuzuia. Na kwenye jukwaa, kati ya mawe mawili, palikuwa na ufa ambao hewa ilikuwa ikipitia. Niliingiza mkono hadi begani. Wa kwanza alikuwa baridi. Wa pili, baridi. Wa tatu nilimpapasa kwa muda mrefu, nikakubali. Wa nne alinyonya kidole changu.

Nilimtoa. Mwanga ulikuwa umeanza kuingia, wa kijivu, na nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza. Macho yake mawili ya kweli yalikuwa bado yamefumba. Yale mawili ya juu, ya kahawia, ndiyo pekee yaliyokuwa wazi.

"Wangapi?"

Ayeeyo alikuwa amesimama nyuma yangu na birika lake la udhu.

"Watatu wamekufa. Na huyu."

Alimtazama mbwa mkubwa, tumbo lake, chuchu zilizoganda mchanga. 

"Alikuwa mzazi," alisema.

"Nilijua, Ayeeyo. Tangu Jumamosi. Nilimshika, alinilamba, halafu nikambeba Zakaria." Yote yalitoka kwa pumzi moja, na nikafumba macho nisubiri kofi.

Kofi halikuja. "Mweke chini," alisema. "Leta mikono."

Nilimweka kinda juu ya mchanga. Ayeeyo alichuchumaa kwa shida, akachota udongo mkavu, akanisugua nao mpaka kwenye viwiko, kati ya vidole, chini ya mkanda wa saa, akamimina maji. Moja. Kisha maji matupu. Mbili. Tatu. Alihesabu kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akihesabu mbuzi zamani. Jeraha la mwiba liliniwasha. Ilikuwa damu yangu tu ikikutana na maji. Nne. Tano. Sita. Kwenye ya saba alimimina hadi birika likaisha, yakiwa ndiyo maji yake ya swala, na wiki ile kila mtu alijua thamani ya birika moja.

"Umetakasika," alisema. "Ingia ndani kwa mama yako."

Mikono yangu ilikuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa, inachuruzika. Kinda alikuwa akitambaa kwenye duara mchangani, akitafuta ubavu ambao haukuwa na joto tena. Niliinama, nikamwokota tena kwa mikono hiyo hiyo miwili iliyolowa.

Ayeeyo alitazama birika tupu. Akatazama lango, upande wa msikitini.

"Basi kimbia kabla hajarudi," alisema. "Na ukija, saba nyingine."

Nilimficha ndani ya gauni, juu ya tumbo, nikatoka kwa lango la miiba. Saa ya mama ilisema kumi na mbili na dakika nane. Nilipita duka lililofungwa, nikapita mahali lori la maji husimama, nikafika nyuma ya zahanati, nikagonga mlango wa Sista Mwende kwa mguu, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi.